Gari la umeme au haibridi kwa joto la Mombasa: betri ipi itanifaa baada ya miaka mitano?

MkaziWaMtwapa:

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ninaleta swali ambalo limenisumbua kwa miezi miwili, na ninaomba majibu ya watu walioendesha au kutengeneza magari haya hapa Pwani, kwa sababu mengi ninayosoma yameandikwa na wakazi wa nchi za baridi, na joto letu ni jambo jingine kabisa.

Ninaishi Mtwapa na kufanya kazi upande wa Kilindini. Kila siku ya kazi huenda takriban kilomita 20 na kurudi nyingine 20, nikipitia Bamburi na daraja la Nyali, na foleni ya kuingia kisiwani asubuhi mnaijua. Siku ya Ijumaa, baada ya kazi, huunganisha moja kwa moja hadi Kilifi kumjulia hali mama mzazi na kurudi nyumbani usiku uleule, kwa hiyo siku hiyo jumla hufika kilomita 120. Mara mbili au tatu kwa mwaka familia nzima husafiri kwenda Nairobi. Gari nililonalo sasa ni la petroli, limezeeka, na nimeamua kuliuza.

Yadi niliyoitembelea ilinionyesha magari mawili ambayo bei zake zimekaribiana sana: Nissan Leaf ya mwaka 2019, ya umeme mtupu, yenye betri ya kilowati-saa 40, na Toyota Aqua ya mwaka huohuo, ambayo ni haibridi, yaani ina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Muuzaji aliniambia kwamba Leaf inakwenda kilomita 400 kwa chaji moja na kwamba betri yake haina shida, kisha nilipogeukia Aqua akaniambia kwamba betri ya haibridi haihitaji hata kuangaliwa. Sikuridhika na jibu lolote kati ya hayo mawili.

Ninachotaka kujua ni hiki. Joto la hapa huzizeesha betri hizi kwa kasi gani? Je, Leaf ya namna hii itakuwa bado inanipeleka Kilifi na kunirudisha bila wasiwasi baada ya miaka mitano? Na je, ni kweli kwamba haibridi haina uzee wa kuogopwa? Nyumbani nina ua na banda la makuti ambamo gari hulala, na ndani ya banda kuna soketi ya kawaida. Natanguliza shukrani.

FundiUmemeChangamwe:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu wa Mtwapa. Kazi yangu ni umeme wa magari, na betri za aina zote mbili nimezifungua kwa mikono yangu. Utanisamehe nikiandika kwa urefu, kwa sababu jambo hili likielezwa kwa mkato ndipo watu wanapopotezwa.

Betri ya lithiamu huzeeka kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni matumizi, yaani kila inapojazwa na kutumiwa hupoteza sehemu ndogo ya uwezo wake. Ya pili ni umri wenyewe, nao hautambui kama gari linatembea au limesimama. Ndani ya kila seli, yaani kila kipande kidogo kinachounda betri, juu ya upande hasi uliotengenezwa kwa grafiti, kuna utando mwembamba sana unaojijenga kutokana na kemikali za majimaji ya betri. Bila utando huo seli ingejiharibu mara moja, lakini utando hauachi kunenepa, na kadiri unavyonenepa ndivyo unavyoimeza lithiamu ambayo ingebeba umeme. Joto huuharakisha mmenyuko huo. Kwa kukadiria, wanakemia husema kasi ya mmenyuko hukaribia kuwa maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Betri iliyojazwa hadi asilimia 100 na kuachwa juani hivyo hivyo huzeeka upesi kuliko iliyoachwa ikiwa na asilimia 50 au 60.

Sasa tutazame mji wetu. Mchana wa Februari na Machi hufika nyuzi 32 au 33, na hilo peke yake si joto la kutisha. Kinachotuumiza ni usiku, kwa sababu katika miezi hiyo usiku wa Mombasa haushuki sana chini ya nyuzi 24 au 25, na betri iliyokusanya joto la mchana haipati saa za kupoa. Magari mengi ya umeme yana mfumo wa kupitisha maji au gesi ya kiyoyozi ili kuipoza betri. Leaf haina mfumo huo. Tangu ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2010 hadi hiyo ya kilowati-saa 40 uliyoonyeshwa, betri yake hutegemea kupoa yenyewe kupitia kasha lake lililo chini ya sakafu. Mwaka 2012 wenye Leaf za mwanzo katika mji wa Phoenix, Arizona, walilalamika kwamba uwezo ulikuwa ukishuka kwa kasi ambayo hawakuitarajia, na baadaye Nissan ilibadilisha kemia ya seli, hivi kwamba betri za magari ya kuanzia mwaka 2015 hustahimili joto vizuri zaidi. Kwa hiyo ukisikia sifa mbaya za Leaf, uliza kwanza kama anayezungumza alikuwa na gari la kabla au la baada ya mabadiliko hayo.

Lipo jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii, nalo ni ukubwa wa betri. Chukulia kwamba gari hutembea kilomita 6 kwa kila kilowati-saa, ambayo ndiyo uniti moja ya tokeni. Ukitembea kilomita 100,000, utakuwa umetumia uniti 16,700 hivi. Betri ya kilowati-saa 40, ambayo inayotumika kweli ni kama 38, itakuwa imezunguka kujazwa na kumalizwa kama mara 440. Ile ya zamani ya kilowati-saa 24, ambayo inayotumika ni kama 21, itakuwa imezunguka karibu mara 800 kwa safari zilezile. Betri kubwa haikupi umbali peke yake, bali pia huchoka polepole kwa sababu kila safari huigusa kidogo tu.

Kuhusu kilomita 400, muuzaji hakuitunga namba hiyo. Ni matokeo ya kipimo cha zamani cha Kijapani ambacho kilipima gari kwa upole mno. Kipimo cha Marekani kwa gari hilohilo kilitoa takriban kilomita 240 likiwa jipya, na hiyo ndiyo namba ninayowashauri wateja waanzie nayo. Kisha utoe mzigo wa kiyoyozi. Kiyoyozi hakihesabiwi kwa kilomita, huhesabiwa kwa saa. Kikifanya kazi kwa kilowati moja na nusu, saa mbili za foleni zitakula uniti 3, nazo zingekupeleka kilomita 18. Siku ambayo barabara iko wazi hutaiona hasara hiyo, lakini siku ambayo malori yamefunga njia utaiona.

Safari ya Nairobi sitaki nikufiche. Ni kilomita 480 hivi, na kutoka usawa wa bahari unapanda takriban mita 1,700. Kuliinua gari la aina hiyo likiwa na abiria wanne na mizigo hadi kimo hicho kunahitaji uniti 8 zaidi ya zile za kusukuma upepo na kuzungusha magurudumu. Kwa mwendo wa barabara kuu utatumia karibu uniti 90 kwa jumla, yaani utalazimika kuijaza betri njiani zaidi ya mara moja, na Leaf ikichajiwa kwa chaja ya kasi mara mbili au tatu mfululizo katika joto la Voi au Mtito Andei betri yake hupanda joto, na gari lenyewe hupunguza kasi ya kupokea umeme ili kujilinda. Chaja ya dakika 40 inageuka kuwa ya saa moja na nusu. Kwa safari hizo mbili au tatu za mwaka, kodi gari jingine au panda treni. Ukilazimisha Leaf iwe gari la Nairobi, utaichukia bila kosa lake.

Na hiyo soketi ya bandani, tafadhali usiitumie kabla haijakaguliwa. Kuchaji ni kuvuta mkondo mkubwa kwa saa kumi au zaidi bila kupumzika, jambo ambalo pasi na birika havifanyi. Soketi iliyoliwa na chumvi ya bahari hupata joto, plastiki yake hulainika, na juu yake wewe una makuti makavu. Vuta waya mpya mnene kutoka kwenye bodi kuu, uwe na swichi yake ya kukata umeme unapovuja, na soketi uiweke kwenye ukuta wa mawe.

DadaWaNyali:

Asante sana, fundi, kwa maelezo hayo. Mimi ni mmoja wa wale wenye Leaf ya zamani, na nimeona vyema nieleze yaliyonipata ili ndugu yetu asiingie kwenye shimo lilelile.

Nilinunua Leaf ya kilowati-saa 24 ya mwaka 2013, na siku nilipoipokea dashibodi ilionyesha vijiti vyote 12 vya afya ya betri. Nilifurahi mno. Baada ya wiki tatu kijiti kimoja kilipotea, kisha cha pili, na kabla mwezi wa pili haujaisha nilikuwa nimebaki na vijiti 9. Nilidhani betri imeharibika mikononi mwangu. Nilipompelekea fundi anayezielewa, aliniambia kwamba mtu alikuwa ameifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri kabla ya kuniuzia, kwa hiyo kompyuta ilianza kuhesabu upya kana kwamba betri ni mpya, na ilipoendelea kuchaji na kutumika ikagundua ukweli polepole. Aliyeniuzia alikana kwamba anajua lolote, na sikuweza kumthibitishia.

Kijiti cha kwanza katika Leaf hupotea betri inapokuwa imeshuka hadi kama asilimia 85, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6 na kidogo. Kwa hiyo vijiti 9 vilimaanisha kwamba betri yangu ilikuwa tayari imepoteza zaidi ya robo ya uwezo wake. Leo vimebaki 7. Gari lilipokuwa jipya lingeweza kutembea kilomita 120 kwa chaji moja. Langu sasa hunipa 65 nikiwa na kiyoyozi, na sijithubutishi kuvuka 55.

Hata hivyo sijaliuza wala sijutii kuwa na gari la umeme. Kutoka nyumbani hadi duka langu la dawa ni kilomita 7, na shule ya watoto iko njiani. Kwa wiki nzima sitoki nje ya uwezo wa gari langu. Mafuta ya injini sibadilishi, plagi sinunui, na breki zilizokuja na gari ndizo nilizonazo hadi leo, kwa kuwa mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kulipunguza mwendo. Ninachojilaumu ni kwamba nilinunua kwa kutazama dashibodi. Ndugu yangu, nunua kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, na uisome betri mwenyewe. Usitazame asilimia ya afya pekee. Tazama pia idadi ya chaji za kasi, na tazama jinsi jozi 96 za seli zilivyolingana volti zake, hasa betri ikiwa na chaji ndogo, kwa sababu kufuta kumbukumbu hakuwezi kuziponya seli dhaifu. Kisha endesha gari hilo kilomita 30 au 40 ukiwa na muuzaji na uone asilimia ngapi zimetumika. Muuzaji mwenye gari zuri hatakataa.

Kwa upande wa matunzo, mimi huacha kuchaji linapofika asilimia 80, na huweka muda wa chaji uanze saa nane usiku ili limalizike karibu na alfajiri, badala ya kulijaza jioni kisha likakaa limejaa usiku kucha. Mchana huegesha chini ya mwembe hata kama ni mbali na mlango wa duka.

DerevaWaTudor:

Hamjambo. Mimi ninazungumzia upande wa haibridi, kwa kuwa ninabeba abiria kwa Aqua na nimeitumia kwa zaidi ya kilomita 150,000 katika mji huu huu.

Yule aliyekwambia kwamba betri ya haibridi haihitaji kuangaliwa alikukosea. Ni kweli kwamba Toyota waliitengeneza idumu. Betri ya Aqua ya umri huo ni ya nikeli na si ya lithiamu, ni ndogo sana, haifiki hata kilowati-saa moja, na kompyuta haiiruhusu ijae kabisa wala iishe kabisa; huichezesha katikati tu, na hiyo ndiyo siri ya maisha yake marefu. Lakini ipo chini ya kiti cha nyuma na hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti. Abiria huweka mikoba hapo, mchanga wa Bamburi na Nyali unaingia na viatu, na vumbi lote hilo linavutwa na feni. Nilikuwa sijui. Kwa miaka mitatu hakuna aliyelisafisha tundu langu, na nilipokuwa nikisubiri abiria nilikuwa nikizima kiyoyozi ili kuokoa mafuta, bila kufahamu kwamba hewa ya moto niliyokuwa nikiivumilia mimi ndiyo betri ilikuwa ikiivuta pia.

Dalili haikuja polepole. Niliona tu kwamba mafuta yalikuwa yakiisha upesi kuliko zamani, kutoka kilomita 20 kwa lita hadi 16, nikadhani ni foleni. Kisha siku moja, nikiwa na abiria karibu na Makupa, pembetatu nyekundu ikawaka na gari likapoteza nguvu. Kumbuka kwamba Aqua haina stata ya kawaida. Betri hiyo ya haibridi ndiyo inayoizungusha injini ili iwake, kwa hiyo ikikataa kabisa, hata petroli ikijaa tangi huendi popote.

Gereji ya kwanza ilinibadilishia moduli moja, yaani kipande kimoja cha betri, iliyokufa kati ya zote 20, nikafurahia bei. Baada ya miezi minne moduli nyingine ikafa, na ndipo nikaelewa kwamba zote zilizaliwa siku moja na zimepitia joto moja, na moduli ngeni iliyotiwa katikati yake haiwezi kulingana nazo. Mwishowe nilibadilisha betri nzima, na gharama ya mara ya kwanza ikawa imepotea bure. Tangu hapo ninafungua na kusafisha feni kila baada ya miezi sita, ni kazi ya saa moja, na sijaona tatizo tena.

Pamoja na hayo, ndugu wa Mtwapa, kama safari za Nairobi ni muhimu kwako, Aqua ina tangi la lita 36, na kwa mwendo wa utulivu utafika Nairobi bila kusimama kutafuta chochote ila chai. Tofauti ninayoiona ni kwamba gari la umeme huzeeka mbele ya macho yako, kilomita moja moja, na unaweza kupanga. Haibridi hukuficha uzee wake hadi siku inapokataa.

MkulimaWaKilifi:

Ninaongeza kidogo tu. Baadhi ya watu watakushauri uchukue haibridi ya kuchomeka, kama Mitsubishi Outlander, ukaepuka kuchagua. Nimekuwa nayo. Betri ya ile ya kwanza ni kilowati-saa 12, na kwa mazingira yangu ilikuwa ikijazwa na kumalizwa kila siku iliyojaaliwa, wakati mwingine mara mbili. Hesabu ya fundi kuhusu mizunguko inaonyesha matokeo yake: gari lilikuwa likinipa kilomita 40 za umeme nilipolinunua, na miaka minne baadaye likawa linanipa 28. Injini ipo, hulali njiani, lakini ule umeme uliolipia unapungua upesi kuliko katika gari lenye betri kubwa. Na bado unabadilisha mafuta ya injini.

Kama bajeti yako ingeruhusu gari jipya zaidi, ningekwambia utafute lenye betri ya lithiamu na fosfati ya chuma, kama zile za BYD, ambazo huvumilia mizunguko mingi zaidi na katika magari hayo betri hupozwa. Bei yake, hata hivyo, si ya yadi uliyotembelea.

MkaziWaMtwapa:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni, na hasa wewe dada wa Nyali, kwa kuwa ushauri wako umeniokoa. Jana nilirudi yadi nikiwa na kifaa hicho. Mwanzoni muuzaji alisita, kisha akaniruhusu. Leaf ile ya 2019 inaonyesha vijiti 12, lakini programu inasema afya ya betri ni asilimia 86, chaji za kasi ni 212, na imetembea kilomita 61,000. Tulipoizungusha hadi Kikambala na kurudi, jumla ya kilomita 38, tukiwa na kiyoyozi, ilitoka asilimia 74 hadi 55. Aqua nayo niliifungua kiti cha nyuma, na tundu la feni limejaa vumbi la kijivu kama pamba.

Nimezungumza na mke wangu, na tumekubaliana kwamba Nairobi tutapanda treni. Kwa hiyo swali langu kwa fundi limebaki moja: asilimia 86 ni afya ya kununua au ni afya ya kukimbia, kwa mtu mwenye siku ya kilomita 120 kila wiki na anayetaka kukaa na gari miaka mitano?

FundiUmemeChangamwe:

Umefanya vizuri kuliendesha, kwa sababu hizo asilimia 19 ndizo zinazothibitisha zile 86. Betri ya uniti 38 ikiwa na afya ya asilimia 86 ina uniti 32 na nusu hivi. Asilimia 19 ya hizo ni uniti 6 na kidogo, na ukizigawanya katika kilomita 38 unapata kilomita 6 kwa uniti. Matumizi hayo ndiyo ninayoyatarajia kwa gari hilo likiwa na kiyoyozi. Kama kumbukumbu ingekuwa imefutwa na betri ikawa imechoka kuliko inavyosema, ungeona asilimia 25 au zaidi zikiondoka kwa safari hiyo.

Sasa twende kinyume, kutoka mahitaji hadi afya. Siku yako ya Ijumaa ni kilomita 120, nazo ni uniti 20. Ongeza uniti 2 za kiyoyozi ukikwama kwenye foleni, na uniti 4 za akiba ambazo hupaswi kuzigusa, kwa kuwa hakuna mtu anayetaka kuingia Mtwapa usiku na asilimia 3. Jumla ni 26. Uniti 26 kati ya 38 za upya ni asilimia 68. Hiyo ndiyo afya ambayo gari likifika, Ijumaa yako itaanza kuwa ya mashaka, ingawa siku nyingine za wiki hutajua kama kuna kilichopungua.

Kutoka 86 hadi 68 kuna asilimia 18. Kwa hapa Pwani, na kwa Leaf za kizazi hicho, mimi hupiga hesabu kwa asilimia 3 kila mwaka ili nisimdanganye mteja, ingawa anayechaji hadi 80 na kuegesha kivulini huenda akapoteza pungufu ya hapo. Asilimia 18 kwa 3 ni miaka sita. Kwa hiyo inatosha kwa miaka mitano uliyosema, na mwaka mmoja unabaki mkononi. Ingekuwa asilimia 80 ningekwambia uiache, kwa maana ingekupa miaka minne tu. Na hata ikishuka, mama yako yupo Kilifi na nyumba yake ina umeme. Ukichomeka gari kwa saa mbili mkiwa mnazungumza, utakuwa umeongeza uniti 4, ambazo ni kilomita 24 za kurudi nazo.

Kwa gharama, ukihesabu uniti inayopotea wakati wa kuchaji, kilomita 100 zitakula uniti 18 au 19. Zidisha kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya tokeni, kisha linganisha na lita 5 za petroli ambazo Aqua ingekunywa, kwa bei ambayo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, huitangaza kila tarehe 14. Ipo pia bei maalum ya umeme wa kuchajia magari iliyoanza mwaka 2023, ambayo ni nafuu zaidi usiku, ila huhitaji mita yake ya peke yake. Kwa kilomita zako za kila mwezi, uliza kwanza gharama ya kufungiwa mita hiyo kabla ya kuamua.

Mambo mawili uyakague kabla ya kulipa. Funua mdomo wa kuchajia na uangalie pini zake kwa tochi. Zikiwa na ukungu wa kijani, gari hilo limekaa bandarini au kwenye yadi ya wazi kwa muda mrefu na chumvi imeshaanza kuzila. Halafu uliza kama chaja iliyomo ndani ya gari ni ya kilowati 3 au 6, maana magari mengi ya Japani huja na ya 3, na hiyo ndiyo itakayokwambia waya wa bandani uwe mnene kiasi gani. Ukishapata jibu niandikie, nitakutajia ukubwa wa waya na swichi.